Alama Iliyomo Katika Damu na Kazi Inayofuata



Katika majimbo ya kusini mwa Uchina, hasa Guangdong na Guangxi, upo ugonjwa ambao kwa muda mrefu uliitwa saratani ya Canton, kwa kuwa mji wa Canton, ambao leo huitwa Guangzhou, umo katika eneo hilo. Ni saratani iotayo sehemu ya juu kabisa ya koo, nyuma ya pua, juu ya kilimi, mahali ambapo mtu hata akifungua kinywa mbele ya kioo haoni kitu. Kwa makadirio ya mwaka 2018, watu zaidi ya 129,000 duniani walipata ugonjwa huo, na zaidi ya sabini katika kila mia walikuwa wakazi wa Asia ya Mashariki na ya Kusini-Mashariki.

Mazungumzo haya yanahusu jambo moja tu la ugonjwa huo, nalo ni kwamba damu ya mtu yaweza kutoa habari zake kabla mwenyewe hajajiona kuwa mgonjwa. Jambo hilo ni la kweli, na limethibitishwa mara nyingi. Hata hivyo, namna linavyosimuliwa siku hizi, hususan na wale wanaotangaza vipimo vya damu vya kugundua kila kansa, hulifanya lionekane jepesi kuliko lilivyo. Watumishi wanaopanga fedha za afya, na walimu ambao huulizwa kila kitu katika vijiji wanakofundisha, wanastahili kulijua kwa ukamilifu wake.

Ubaya wa saratani hii ni ukimya wake. Dalili zake za mwanzo ni zile ambazo mtu mzima huzipuuza: pua kuziba upande mmoja, makamasi yenye michirizi ya damu, au sikio moja kuziba kana kwamba limeingiwa na maji. Aghalabu mgonjwa huenda hospitali pale uvimbe usiouma unapojitokeza shingoni, na uvimbe huo ni ishara kwamba ugonjwa umekwisha kutoka ulikoanzia na kuingia katika tezi. Ukikutwa mapema, tiba ya mionzi huuponya kwa kiasi kikubwa, kwani hii ni mojawapo ya saratani zinazotii mionzi. Ukikutwa umechelewa, mgonjwa huhitaji mionzi na dawa kali pamoja, na matumaini hupungua. Kwa hiyo suala zima la alama katika damu ni suala la wakati: nani atajua mapema, na akijua afanye nini.

Virusi vinavyohusika na saratani hii vilianza kujulikana kutokana na kazi iliyofanyika Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Mwaka 1961 alipotoa mhadhara London, alikuwapo mtafiti aitwaye Anthony Epstein, ambaye alishuku kwamba uvimbe huo huenda ukatokana na virusi. Vipande vya nyama ya uvimbe vikawa vinapelekwa London kwa ndege. Mwishoni mwa mwaka 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na kipande kilipofika maabara majimaji yake yalikuwa yamechafuka kiasi cha kutaka kutupwa. Yalipotazamwa vizuri, uchafu ule ulionekana kuwa ni chembe hai za saratani zilizokuwa zikielea. Kutokana na chembe za namna hiyo, mwaka 1964 Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, walitangaza virusi ambavyo hadi leo hubeba majina ya Epstein na Barr. Jina la Achong halikuingizwa, na watoto wa Uganda waliotoa nyama hiyo hawatajwi katika jina hilo. Historia ya sayansi ina desturi hiyo, na yafaa kuifahamu.

Mwaka 1966 watafiti wa New York, wakiwa pamoja na Peter Clifford, daktari mpasuaji wa Nairobi, walitoa habari iliyoshangaza. Damu ya watu wazima wenye saratani ya nyuma ya pua ilikuwa na kingamwili zilizoshambulia chembe zilizotokana na uvimbe wa watoto. Magonjwa mawili yasiyofanana, moja la taya za watoto na jingine la koo za wazee, yakawa yameunganishwa na damu. Mwaka 1970 Harald zur Hausen na wenzake walionyesha kwamba viini vya urithi vya virusi hivyo vimo ndani ya nyama yenyewe ya saratani ya koo.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Virusi vya Epstein na Barr hukaa katika miili ya watu zaidi ya tisini katika kila mia duniani. Huambukizwa kwa mate, na katika Afrika watoto wengi huvipata miaka ya mwanzo ya maisha yao bila hata kuugua. Mtu akishavipata hukaa navyo hadi kufa, na walio wengi hawapati saratani yoyote. Sasa, kama karibu kila mtu mzima ana kingamwili dhidi ya virusi hivyo, kuziona katika damu kuna maana gani?

Chukua mfano wa mjumbe wa nyumba kumi mwenye daftari la wageni. Mgeni aliyepita miaka ishirini iliyopita jina lake bado limo. Daftari husema kwamba alipita, lakini halisemi kama leo yumo ndani ya nyumba fulani akifanya jambo. Ndivyo zilivyo kingamwili za kawaida, ziitwazo IgG. Lakini zipo kingamwili za aina nyingine, ziitwazo IgA, ambazo kazi yake kubwa ni kulinda milango ya mwili, yaani utando wa pua, kinywa, koo na matumbo. Mtu akikuta sungusungu wengi wamekusanyika usiku kwenye mlango mmoja, ana haki ya kuuliza kuna nini humo, ingawa yawezekana wamekusanyika kwa sababu ya mbwa tu. Mwaka 1976 Werner Henle na mkewe Gertrude, wa Philadelphia, walieleza kwamba wagonjwa wa saratani ya nyuma ya pua wana kiasi kikubwa cha IgA dhidi ya virusi hivyo, kuliko watu wengine. Alama ya ugonjwa ikawa imepatikana.

Kuipata alama ni jambo moja, na kuitumia kwa faida ya wananchi ni jambo jingine. Hilo la pili lilifanyiwa kazi na Zeng Yi, mtaalamu wa virusi wa Beijing, katika mji wa Wuzhou na wilaya ya jirani ya Cangwu, jimboni Guangxi. Kazi hiyo ilianza mwaka 1978. Kipimo cha awali kilihitaji hadubini ya aina ya pekee, yenye kuangaza rangi, ambayo wilaya ya wakulima haikuweza kuwa nayo. Zeng na wenzake walitengeneza njia nyingine iliyotumia kimeng'enya, na matokeo yake yakasomeka kwa hadubini ya kawaida iliyokuwa tayari katika zahanati. Mabadiliko hayo madogo ndiyo yaliyotoa kipimo maabara na kukipeleka kwa watu, na pengine yana thamani kuliko makala nyingi zilizoandikwa juu ya alama yenyewe.

Katika wilaya ya Cangwu watu kama 148,000 wenye umri wa miaka 30 na zaidi walipimwa. Waliokutwa na alama walikuwa zaidi kidogo ya 3,500. Wote hao walitakiwa kukaguliwa koo, na waliotiliwa mashaka wakakatwa kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi. Waliokutwa na saratani walikuwa 55. Hesabu hiyo ina mambo mawili ndani yake. La kwanza, watu 55 walipatikana, wengi wao katika hatua ambayo tiba huweza kuponya, na pasipo kipimo wangesubiri mpaka shingo zivimbe. La pili, katika kila watu mia wenye alama, takriban tisini na wanane hawakuwa na saratani. Walikuwa wamepata habari ya kutisha, na wakaishi nayo.

Watu hao hawakuachwa. Waliitwa tena mwaka baada ya mwaka wakaguliwe, na miongoni mwao wakapatikana wagonjwa wengine ambao siku ya kwanza koo zao zilionekana safi. Matokeo ya namna hiyo yalikuja kutiwa nguvu na utafiti wa Taiwan. Kati ya mwaka 1984 na 1986 wanaume 9,699 walitoa damu, ikahifadhiwa, nao wakafuatiliwa kwa miaka ipatayo kumi na sita. Ishirini na wawili walipata saratani hiyo. Wale waliokuwa na alama mbili za virusi katika damu tangu mwanzo walikuwa na hatari ya takriban mara 33 ya wale wasiokuwa na hata moja. Kwa hiyo alama hii hutangulia ugonjwa kwa miaka kadhaa, na kutangulia huko kuna faida pale tu ambapo yupo mtu mwenye daftari, mwenye kuwaita waliomo, na mwenye kuwakagua watakapokuja.

Mfano wa Hong Kong waonyesha jambo hilo kwa namna ya kusikitisha. Huko, kuanzia mwaka 2013 hadi 2016, wanaume 20,174 wa umri wa miaka 40 hadi 62 walipimwa. Safari hii hazikutafutwa kingamwili, bali vipande vya viini vya urithi vya virusi vyenyewe katika majimaji ya damu. Waliokutwa navyo walipimwa tena baada ya majuma machache, maana kwa watu wengi vipande hivyo hutoweka vyenyewe. Waliobaki na alama mara zote mbili walikuwa 309. Mia tatu kati yao walikubali kukaguliwa kwa mrija wenye kamera na kupigwa picha za ndani, na 34 wakakutwa na saratani, wengi wao katika hatua ya kwanza au ya pili. Wale tisa wengine walikataa. Mmoja wao alirudi miezi 32 baada ya kujiandikisha, ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Damu yake ilikuwa imesema mapema.

Mwaka 2023 watafiti wa kusini mwa Uchina walitangaza kingamwili mpya, dhidi ya protini ya virusi iitwayo BNLF2b. Katika watu 24,852 waliopimwa, saratani 47 zilipatikana. Kwa kipimo cha zamani cha kingamwili mbili, katika kila watu mia walioonyesha alama, wanne tu walikuwa na ugonjwa. Kwa kipimo kipya walikuwa kumi. Ni hatua kubwa, ingawa mtu asiyezoea takwimu ataona bado ni wachache mno.

Walimu wa hesabu wanaweza kuwafanyia wanafunzi wao jambo hili ubaoni. Chukua kipimo kizuri, kinachokosea kwa watu watatu tu katika kila mia wasio na ugonjwa. Kipeleke mahali penye watu wazima 100,000, ambapo wagonjwa ni thelathini. Watu wapatao 3,000 wataambiwa wana alama ilhali wazima, na pamoja nao wapo wale thelathini. Kazi ni kubwa lakini ina mavuno. Sasa kipeleke kipimo kilekile mahali penye watu 100,000 ambapo mgonjwa ni mmoja. Watakaotiwa hofu bure ni walewale 3,000, kwa ajili ya kumtafuta mtu mmoja. Daktari wa masikio, pua na koo akikagua watu kumi kwa siku atahitaji siku 300 za kazi, na muda wote huo wagonjwa wake wa kawaida wangojee nje. Kipimo hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali. Ndiyo sababu jambo lililofanyika Wuzhou kwa busara laweza kuwa ubadhirifu likifanyika penginepo.

Ipo saratani nyingine ya koo itokanayo na virusi, ambayo sharti itajwe kwa sababu watu huichanganya na hiyo ya kwanza. Hii huota chini zaidi, katika mafindofindo na kwenye shina la ulimi, na virusi vyake ni vya HPV, hasa aina ya 16, vilevile vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Ni zur Hausen yuleyule aliyetangaza aina hiyo ya 16 mwaka 1983 pamoja na wenzake, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Katika Marekani na sehemu za Ulaya saratani hii ya koo imeongezeka sana katika miongo ya karibuni, hasa kwa wanaume, ingawa tumbaku na pombe zingali zinaua kwa saratani nyingine za koo na kinywa.

Hapa alama ya damu ni kali zaidi. Watafiti walichukua damu iliyokuwa imehifadhiwa katika uchunguzi mkubwa wa nchi kumi za Ulaya, na mwaka 2013 wakatoa matokeo. Katika watu 135 waliokuja kuugua saratani ya sehemu hiyo, karibu thelathini na watano katika kila mia walikuwa na kingamwili dhidi ya protini ya virusi iitwayo E6 kabla ya kuugua, na wengine walikuwa nazo zaidi ya miaka kumi kabla. Kwa watu wasiougua, hata mmoja katika kila mia hakufika. Mtu angedhani kwamba sasa kazi imekwisha. Lakini katika mlango wa kizazi muuguzi aliyefundishwa huweza kuona kidonda kinachotangulia saratani na kukiondoa, ambapo katika koo hakijulikani kidonda cha namna hiyo kinachoonekana. Ugonjwa huanzia ndani ya mikunjo ya mafindofindo, ukiwa mdogo kiasi ambacho daktari hodari aweza kumtazama mtu leo asione kitu. Basi mtu huyo aambiwe nini? Kwamba anayo alama, kwamba huenda ataugua baada ya miaka kumi au asiugue kabisa, na kwamba hakuna cha kukata wala cha kutibu kwa sasa? Ndiyo maana kipimo hicho kimebaki mikononi mwa watafiti, na wanaokiuza kwa wananchi kama kinga wanauza wasiwasi.

Dhidi ya HPV ipo njia nyingine, nayo haingoji alama. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa umri wa miaka 14 nchi nzima mwezi Aprili mwaka 2018, na mwaka 2024 ikapanua chanjo hiyo kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja. Lengo lake ni mlango wa kizazi, lakini virusi vinavyozuiwa ni vilevile vya kooni. Walimu wa shule za msingi ndio wenye orodha za wasichana hao, na mzazi akisitasita huwauliza wao kabla ya mganga. Virusi vya Epstein na Barr, kwa upande wao, bado havina chanjo iliyoidhinishwa.

Na saratani ile ya nyuma ya pua, je, yahusu Afrika Mashariki? Yahusu, kwa kiasi. Nyanda za juu za Kenya zimetajwa tangu miaka ya 1960 kuwa ni mahali ambapo ugonjwa huu si wa kawaida kama Guangdong, lakini wala si adimu kama Ulaya. Clifford, yule mpasuaji wa Nairobi, aliushughulikia kwa miaka mingi, na alishuku moshi wa nyumba zisizo na dohani. Kwa Wachina wa kusini kimethibitishwa kisababishi kingine kinachoandamana na virusi, nacho ni samaki wa chumvi waliotengenezwa kwa namna ya huko, ambao watoto walilishwa tangu wadogo. Virusi vimeenea dunia nzima, ilhali ugonjwa umechagua mahali pake. Lipo jambo katika chakula, hewa na urithi wa watu linaloongezwa juu ya virusi, na nyanda za Kenya zingestahili uchunguzi wa damu wa kitafiti, wenye mipaka na wenye madaktari wa kufuatilia.

Kupima damu ya kila mtu ni jambo ambalo hesabu ya hapo juu imekwisha kulijibu. Mikoa mingi ingali na upungufu wa madaktari wa masikio, pua na koo, na mgonjwa wa saratani husafiri mbali kufuata mionzi, kwa mfano Ocean Road mjini Dar es Salaam au Bugando mjini Mwanza. Shilingi inayotumika kununua kemikali za kipimo cha umma mzima ni shilingi iliyoondolewa katika nauli ya mgonjwa huyo.

Palipo na faida ya karibu ni katika zahanati. Uvimbe wa shingo usiouma mara nyingi hudhaniwa kuwa kifua kikuu cha tezi, na mara nyingi dhana hiyo ni sahihi. Lakini wapo wanaoanzishiwa dawa za miezi sita bila uvimbe kuchunguzwa, na uvimbe usipopungua huambiwa waendelee kumeza. Mtu mzima mwenye uvimbe uliodumu zaidi ya majuma matatu, hasa akiwa na sikio moja lililoziba au damu katika makamasi, apelekwe akatazamwe nyuma ya pua. Kazi hiyo yaweza kuanza kwa kioo kidogo chenye mpini, taa ya kichwani, na daktari au tabibu aliyefundishwa kukishika, na muda unaohitajika ni dakika chache kwa kila mgonjwa.